Kijiwe na Pango la Adulamu

Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Iringa kwenda Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kupitia Mafinga na Makambako, utaona jambo ambalo wengi wetu tulio ndani ya basi hulipita bila kulitafakari. Pikipiki imeegeshwa kando ya lami, tairi la nyuma limeisha upepo. Karibu yake zimesimama nyingine mbili au tatu. Waliosimama si ndugu wa yule aliyepata pancha, na huenda hawamfahamu hata kwa jina. Wamesimama kwa sababu naye ni bodaboda. Mmoja anamsaidia kufungua gurudumu, mwingine anamchukua abiria wake na kumfikisha alikokuwa anakwenda. Malori ya Zambia na Kongo yanawapita kwa kishindo, nao hawaondoki mpaka mwenzao amewasha chombo chake.

Makala haya yanauliza swali moja: undugu huo una thamani gani mbele za Mungu? Wapo wanaousifu sana, wakisema vijana wa bodaboda wanapendana kuliko watu wanaokaa benchi moja kanisani kila Jumapili. Wapo wanaouogopa, kwa kuwa wameuona undugu huohuo ukishika mawe na kiberiti. Sisi tunaamini kwamba kila upande umeona jambo la kweli, na kwamba swali hili halijibiki mpaka mambo hayo mawili yatazamwe kwa pamoja.

Tuanze na watu wenyewe. Kazi ya bodaboda bado ni changa katika nchi yetu. Kanuni za leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria zilitoka mwaka 2010, na tangu mwaka 2019 usafiri huo umekuwa chini ya LATRA. Leo vijiwe viko kila kona: Mwanjelwa, Kabwe, Soweto, Uyole na Mbalizi kwa upande wa Mbeya, Ipogolo, Miyomboni, Mlandege na Kihesa kwa upande wa Iringa. Vijana wengi wanaokaa hapo hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Chombo ni cha tajiri, na kila jioni tajiri anataka hesabu yake. Mvua ya Machi ikinyesha kutwa nzima na abiria wasitoke majumbani, hesabu haipungui. Wengine wameingia mkataba: wanalipa kila siku au kila wiki, na muda ukitimia chombo kinakuwa chao. Kijana akiugua wiki chache akashindwa kulipa, anaweza kunyang'anywa chombo na jasho la miezi mingi likapotea.

Kwa hiyo yule anayesimama kijiweni alfajiri ya mwezi Julai, koti amelivaa kinyumenyume ili baridi isimwingie kifuani, ni mtu mwenye deni kabla hajampata abiria wa kwanza. Tukilikumbuka hilo, tutaelewa kwa nini wanashikamana. Biblia inalijua kundi la namna hii. Katika 1 Samweli 22 tunasoma kwamba Daudi, alipokuwa akimkimbia Sauli, alijificha katika pango la Adulamu, na watu wapatao 400 wakamfuata huko. Hawakuwa watu wakubwa. Walikuwa watu wa dhiki, wadaiwa, watu waliokuwa na uchungu moyoni. Hao ndio ambao baadaye Mungu aliwatumia pamoja na Daudi.

Kijiwe nacho kimejengwa na wadaiwa. Kwa mtu anayepita, ni mti mmoja na benchi la mbao. Kwa walio ndani, kina mwenyekiti na katibu, kina zamu ya kupakia abiria, kina faini kwa anayemtukana mteja, na kina mfuko ambao kila mwanachama anauchangia. Mwenzao akifiwa, wanakwenda. Akifa mmoja wao, wanausindikiza mwili kwa msururu wa pikipiki wenye matawi ya miti mbele, honi zikilia tangu mochwari hadi makaburini. Kijana akiitwa na abiria asiyemjua saa sita usiku, anamwambia mwenzake anakokwenda, maana wapo walioitwa hivyo wakauawa na pikipiki zikaibwa. Wazee wetu walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa kipimo hicho, vijana hawa ni marafiki wa kweli, na kanisa lisione haya kusema hivyo.

Sasa tutazame upande wa pili. Gari linamgonga bodaboda kwenye mteremko wa Iwambi au pale njia panda ya Ipogolo. Dakika chache hazijapita, pikipiki arobaini zimefika. Hakuna anayeuliza nani alikuwa na makosa. Vioo vinavunjwa, dereva anavutwa nje, na wakati mwingine gari linachomwa. Au habari inaenea kwamba mtu amekamatwa na pikipiki ya wizi. Honi zinalia, vijiwe vitatu vinakutana, na mtu ambaye hajasikilizwa na yeyote anauawa barabarani. Kesho yake tunasoma kwamba ni wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira haina jina wala mikono.

Waliofanya hivyo wana hoja yao, na si haki kuipuuza. Wanasema: sisi ni watu wadogo. Mwenye gari ana fedha na ana wakili. Kesi itachukua miaka, na mwenzetu atabaki na mguu uliovunjika na deni la tajiri. Tusipokusanyika, nani atatuona? Ndani ya maneno hayo mna uchungu wa kweli. Ndiyo maana tunarudi kwa Daudi, kwa sababu na yeye alifika hapohapo.

Sura ya 25 ya kitabu hicho inasimulia habari za Nabali, tajiri wa kondoo na mbuzi. Watu wa Daudi walikuwa wamewalinda wachungaji wake usiku na mchana kule nyikani, wala hakikupotea kitu. Daudi alipoomba chakula siku ya sikukuu ya kukata manyoya, Nabali aliuliza huyo Daudi ni nani, akawaita watu wake watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Hapo lile kundi la Adulamu, lililozoea kubebana mizigo, lilijifunga panga. Watu 400 wakaanza safari wakiwa na nia ya kuua kila mwanamume wa nyumba ile. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Dhuluma waliyotendewa ilikuwa ya kweli. Lakini wachungaji waliokuwa wanakwenda kuuawa ndio walewale waliosema mema juu ya Daudi.

Hili ndilo tunalotaka lieleweke. Hasira ya kundi huanzia kwenye upendo kwa mwenzao, kisha huupoteza njiani. Tazama inavyokuwa katika ajali. Dereva anayejua kwamba umati utamwua hasimami. Hata kama ana moyo wa huruma, hata kama angeweza kumpakia majeruhi na kumkimbiza hospitali, anakanyaga mafuta na kutokomea. Bodaboda anabaki chini akivuja damu, kwa sababu watu waliompenda wamemfanya kila mwenye gari aogope kumkaribia. Wenzake waliofika wakaanza kuvunja vioo wanatumia dakika zilezile ambazo zingemfikisha kwa daktari. Mwisho wa yote, gari limekuwa majivu, dereva ametoroka au amekufa, na hakuna wa kuandika maelezo wala wa kulipa. Hasira hasara, na hasara ya kwanza inampata majeruhi mwenyewe.

Nani alimzuia Daudi? Alikuwa mke wa Nabali, Abigaili. Alipakia punda mikate 200, divai, kondoo waliotayarishwa, bisi za ngano, zabibu na tini, akatoka kwa haraka kukutana na kundi kabla halijafika. Hakumwambia Daudi kwamba hana sababu ya kukasirika. Alikiri kwamba mumewe amefanya upumbavu. Kisha akamwonyesha kesho yake: siku atakapokuwa mtawala, je, atapenda kukumbuka kwamba alimwaga damu bure na kujilipizia kisasi kwa mkono wake mwenyewe? Daudi akamshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke huyo aliyeuzuia mkono wake. Tangu hapo tunajua kwamba kumzuia ndugu yako asitende uovu ni sehemu ya kumpenda, nayo ni ngumu kuliko kusimama naye kwenye pancha.

Kila kijiwe kinahitaji mtu wa namna hiyo: yule anayesema kwa sauti, "Mwacheni dereva, andikeni namba ya gari, mpakieni mwenzetu." Sheria yetu inataka kila gari barabarani liwe na bima ya kulipa mtu wa tatu anayeumizwa. Fidia hiyo inaanzia kwa mtu aliyetulia akaandika namba ya gari, akachukua fomu ya PF3 polisi, na akawa tayari kutoa ushahidi. Njia hiyo ni ndefu, na tunajua inachosha. Lakini ndiyo njia ambayo mwisho wake majeruhi anaweza kupata kitu. Mwenye ujasiri huohuo ndiye anayeweza kumwambia mwenzake, kabla ya ajali, kwamba kofia ngumu inavaliwa kichwani na haining'inizwi kwenye kioo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42. Anayelijua hilo akanyamaza kwa kuogopa kuchekwa kijiweni, upendo wake una kasoro.

Kuna habari moja zaidi ya kundi la Daudi, katika sura ya 30. Wakati huo walikuwa 600, wakiwafuatia Waamaleki waliouteketeza mji wa Siklagi. Walipofika kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka, wakashindwa kuvuka, wakabaki na mizigo. Waliovuka waliporudi na ushindi, baadhi yao walikataa kugawana nyara na waliobaki. Daudi akaamua kwamba aliyebaki na vyombo atapata fungu sawa na aliyekwenda vitani, na uamuzi huo ukawa sheria katika Israeli.

Besori ya bodaboda ni wodi ya mifupa. Msiba una honi na matawi, na unakusanya watu wengi kwa siku moja au mbili. Mguu uliovunjika hauna shangwe. Wiki ya kwanza wenzake wanakuja na matunda. Mwezi wa tatu mfuko wa kijiwe umeelekea kwenye jambo lingine, pikipiki amepewa kijana mwingine, na mke wake anakopa unga dukani. Hapo ndipo upendo wa kundi unapopimwa. Kijiwe kinachoweka kando kiasi kidogo kila siku kwa ajili ya mwenzao asiyeweza kukanyaga gia, mpaka asimame tena, kimeishika sheria ya Besori, hata kama hakuna aliyewahi kuwasomea sura hiyo.

Na sisi tulio usharikani? Kijiwe mara nyingi kiko hatua chache kutoka geti la kanisa. Wainjilisti wetu wenyewe hufika mitaa ya mbali kwa pikipiki. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku kule mlimani, anayeitwa mara nyingi ni bodaboda. Kama wale wachungaji wa Nabali, tunapita salama kwa sababu wapo watu walio macho wakati sisi tumelala. Swali la Nabali, kwamba hao ni nani, halifai kusikika kwa mtu aliyelindwa. Anayemwambia bodaboda "kimbiza, nimechelewa ibada," au anayewapandisha watoto watatu mishikaki ili aokoe nauli, anamtwisha kijana hatari ambayo yeye mwenyewe haitaki.

Tena usharika nao ni kundi. Nasi tuna mifuko yetu, michango yetu, na watu wetu tunaowazika kwa heshima. Bwana wetu aliwauliza wasikilizaji wake wana thawabu gani wakiwapenda tu wanaowapenda, ilhali hata watoza ushuru hufanya hivyo. Swali hilo linaelekezwa kijiweni, na linaelekezwa pia kwenye jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba. Undugu unaoishia kwa walio wetu ni mwanzo mzuri, na Mungu anaweza kuanzia hapo, kama alivyoanzia pangoni. Lakini Daudi hakuachwa abaki Adulamu.

Abigaili alitoka na mikate kabla panga halijafika. Kanisa linalongoja mpaka gari liwake moto, ndipo lihubiri amani, limechelewa. Kutoka mapema ni mambo madogo: wauguzi wa usharika kuwafundisha vijana wa kijiwe namna ya kuzuia damu na kumbeba aliyevunjika, mwanasheria wetu mmoja kukaa nao jioni moja kuwaeleza habari za bima, wazee wa kanisa kumjua mwenyekiti wa kijiwe kwa jina, ili siku honi zitakapolia awepo mtu ambaye vijana watamsikiliza. Tuanze na lililo jepesi kuliko yote. Jumapili hii, tukishuka kwenye pikipiki getini, tumuulize kijana jina lake, na tumuulize ni nani kijiweni kwao yuko nyumbani na mguu uliofungwa. Kisha tuende tukamwone.