Deni la Rafiki Aliyekufa Kijana

Kifo cha mzee huhuzunisha, lakini kifo cha kijana huchoma. Mzee huacha kazi iliyokwisha. Kijana huacha kazi isiyoanza, na rafiki aliyebaki nyuma hujiona ana deni kwake. Deni hilo hulipwa kwa ukumbusho. Lakini ukumbusho wa namna gani? Je, kumpenda marehemu kunatulazimu kukisifu kile alichokifia? Swali hili ni zito, na kisa kimoja cha Marekani kitatusaidia kulipima.

Mwaka 1864 majimbo ya kusini ya Marekani yalikuwa yakipigana na serikali ya nchi hiyo. Kiini cha vita hivyo kilikuwa utumwa, kwani majimbo yale yalitaka kuendelea kuwamiliki watu wa asili ya Afrika kama mali. Tarehe 15 Mei makadeti wapatao 250 wa chuo cha kijeshi cha Virginia, wengi wao vijana wa umri wenu, walipigana mahali paitwapo New Market. Kumi kati yao walipoteza maisha. Mmoja wao alikuwa Thomas Garland Jefferson, mwenye miaka 17. Rafiki yake, Moses Ezekiel, alimtafuta baada ya mapigano, akamkuta amejeruhiwa kifuani, akamfikisha katika nyumba moja mjini na kumwuguza hata alipokata roho siku chache baadaye. Ezekiel alikuwa Myahudi na Jefferson alikuwa Mkristo. Lakini mgonjwa alipotamani kusikia maneno ya Injili, rafiki yake alimsomea. Tendo hilo halina doa.

Baadaye Ezekiel alikuwa mchongaji mashuhuri, akaishi Roma. Mwaka 1903 sanamu yake ya shaba ilizinduliwa katika chuo kile: mwanamke ameketi, kichwa ameinamisha, akiwalilia wanawe. Mtu yeyote aliyepata kufiwa huielewa bila ya kuelezwa. Lakini mwaka 1914 sanamu yake nyingine ilizinduliwa Arlington, kwenye makaburi ya askari karibu na mji wa Washington. Humo alionyesha mtumwa mwanamume akimfuata bwana wake vitani, na mtumwa mwanamke akimshika mtoto wa afisa, kana kwamba utumwa ulikuwa undugu na minyororo ilikuwa mapenzi. Hapo mkono uliomfariji rafiki ulichonga uongo. Sanamu hiyo iliondolewa mwaka 2023, na mwaka 2025 wakuu wa serikali wakatangaza kwamba itarudishwa. Ubishi wake ungali hai, ingawa aliyeichonga alifariki mwaka 1917.

Mtu aweza kusema, "Kijana wa miaka 17 ana kosa gani? Aliamriwa na wakubwa, akatii." Ni kweli, na kwa hiyo anastahili huruma yetu. Lawama kubwa ni ya watu wazima waliompeleka. Lakini huruma ni kitu kimoja na sifa ni kitu kingine. Tukisema kwamba alikufa kwa ajili ya jambo jema, tunawaondolea lawama waliomtuma, na tunawadhulumu mara ya pili wale waliouzwa na kupigwa, ambao nao walikuwa na rafiki zao, na wengi wao hawakuchongewa sanamu yoyote.

Ada yetu hutukataza kumsema marehemu kwa ubaya, na ada hiyo ni njema. Lakini kunyamazia kosa la marehemu si sawa na kulivisha kosa hilo nguo za wema. La kwanza ni adabu. La pili ni hila.

Enyi vijana, baadhi yenu mtafiwa na rafiki kabla ya wakati wake. Mlilieni bila ya haya. Kumbukeni kicheko chake, ukarimu wake, na mkate aliougawa nanyi. Lakini msiufanye upotevu wake kuwa sheria, wala msiwanyime wengine haki ili kaburi lake lipambike. Rafiki wa kweli, alipokuwa hai, hakupenda kudanganywa. Basi asidanganyiwe watu kwa jina lake akiwa maiti. Machozi ni haki ya wafu, na kweli ni haki ya walio hai. Ukumbusho mwema hulipa madeni yote mawili.