Shukeni Kutoka Viti vya Juu

Shukeni, ndugu zangu! Shukeni kutoka kwenye hivyo viti vilivyoinuliwa kama jukwaa la mgeni rasmi. Nasema nanyi mnaoendesha magari ya juu ambayo hayajawahi kuona tope isipokuwa pale yanapooshewa. Nasema pia nanyi mnaoweka akiba chamani mkilenga kuyanunua. Nimekuja kuwahubiria stesheni wagoni, gari refu lisilo na kimo, gari la watu wenye mizigo ya kweli.

Mnadai barabara zetu ni mbovu. Dai hilo lilijibiwa kabla wengi wenu hamjazaliwa. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na stesheni wagoni yake ikafuata muda mfupi baadaye. Waliounda gari lile hawakuchukua saluni wakaibandika buti. Waliurefusha mwili kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, wakaweka ekseli nzima nyuma na springi ngumu za kubeba mzigo. Ile ya familia ilikuwa na safu tatu za siti, zote zikitazama mbele. Gari hizo ziliunganishwa hata Mombasa. Wazee wenu walipanda hiyo Pijo kutoka Nairobi kwenda Nakuru na Kisumu, wamebanana, keria juu imejaa magodoro na vikapu, na walifika. Nani kati yao aliyelia kwamba gari ni la chini?

Na kama bado mna shaka, ulizeni Safari Rally. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Hizo mbili za katikati usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda kwa Volvo. Kisha 504 ikashinda 1975 na tena 1978. Zilikuwa saluni, na ile ya 1978 kupe, nakubali, wala siwadanganyi. Lakini zilikuwa za chini, na zilipita katika matope na mawe ambayo gari lako la mkopo halitayaona mpaka siku linauzwa. Someni orodha yote ya washindi kutoka mwanzo hadi leo, mnitafutie SUV hata moja.

Yuko atakayeniambia: mhubiri, nina shamba Loliondo, masika yakishuka udongo mweusi unameza kila kitu. Wewe nenda kwa amani. Nunua Land Cruiser yako, Mungu akuzidishie. Mahubiri haya si yako. Ni ya yule anayeishi Kileleshwa au Mikocheni, anayefanya kazi mjini, na ambaye kila Desemba anasafiri kwa lami mpaka zibaki kilomita mbili afike kwao. Kilomita hizo mbili, ndugu yangu, Probox inazipita kila siku ikiwa na abiria kumi na kuku.

Probox! Msicheke. Toyota ilianza kuiuza 2002, ikiwakusudia watu wa biashara wa Japani wanaozunguka na sampuli na vifurushi. Haina urembo wowote. Mgongo wake umesimama wima kwa sababu maboksi nayo yamesimama wima. Kwenye dashibodi kuna kimeza cha kuvuta, uandikie risiti au uwekee chakula. Ile ya mizigo huko kwao inaruhusiwa kubeba kilo 400 watu wawili wakiwa ndani, kwa injini isiyozidi lita moja na nusu. Ikafika kwetu, tukaipa miraa ya Meru, maziwa, mitungi ya gesi, maharusi na maiti. Wapo madereva wanaoikimbiza kiwendawazimu. Hao nawalaani bila kigugumizi, maana wameua watu. Lakini dhambi ya dereva isiandikwe kwenye kadi ya gari.

Tazameni watu wawili wakipakia gunia la mahindi la kilo 90. Kwenye stesheni wagoni sakafu ya buti iko juu kidogo ya goti: wanaliegemeza, wanalisukuma, limeingia. Kwenye gari la juu wanalinyanyua mpaka karibu na kiuno, wakitweta, halafu wanakuta buti lenyewe ni fupi. Urefu wote umeliwa na kimo! Umelipia bati la kupanda juu, nawe mzigo wako umelala. Na mafuta unayonunua kila wiki yanalisukuma bati hilo dhidi ya upepo, hata siku umo peke yako. Ukifika kwenye kona za Kitonga, uzito huo uliokaa juu unakuvutia upande wa bonde.

Haya yote naweza kuyasamehe. Pesa ni zako, mgongo ni wako. Lipo moja siwezi kulisamehe, na hapa nawaomba mnyamaze mnisikilize. IIHS, taasisi ya Marekani inayogharamiwa na kampuni za bima kuchunguza usalama wa barabara, ilitoa matokeo mwaka 2023 baada ya kupitia ajali karibu 18,000 za waenda kwa miguu. Magari yenye boneti iliyozidi inchi 40, yaani sentimita 102 hivi, yalikuwa na uwezekano wa kuua uliozidi kwa takriban asilimia 45 ule wa magari yenye boneti ya inchi 30 kushuka chini na iliyoinama. Pimeni wenyewe nyumbani. Boneti ya chini humgonga mtu mzima mguuni na kumlaza juu yake. Boneti ya sentimita 102 humkuta mtoto wa darasa la kwanza kifuani na kichwani. Na watoto wetu huenda shule kwa miguu, alfajiri, kando ya lami isiyo na njia ya wapita kwa miguu. Mnaniambia mmenunua gari hilo kwa usalama wa familia. Familia ya nani?

Kimo hiki hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1975 Marekani ilitunga sheria ya kubana matumizi ya mafuta ya magari, na malori madogo yakalegezewa kamba. Viwanda vikauona mwanya: gari la familia likihesabiwa kuwa lori dogo, masharti yanapungua. Jeep Cherokee ya 1984 ikaonyesha njia, matangazo yakamaliza kazi, na kufikia 2023 karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa duniani yalikuwa SUV. Mwanya wa sheria ya wenyewe, nanyi mmeufanya heshima ya mtaa!

Wako waliozinduka. Februari 2024 wapiga kura wa Paris walikubali magari hayo mazito yatozwe maegesho mara tatu. Passat mpya iliyozinduliwa 2023 inauzwa Ulaya kwa umbo la stesheni wagoni tu. Saluni ndiyo iliyoachwa.

Sisi hatuna miaka mingi ya kufikiri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Wanachoacha kukiunda Wajapani leo, kesho hakitashuka bandarini Kilindini, hata ukikitafuta kwa tochi. Basi ninyi mlio na Fielder, Caldina au Legacy iliyo nzima, msiiuze kwa sababu shemeji amecheka. Badilisheni shokomzoba, mwageni oili kwa wakati, mwachieni mtoto atakapopata leseni. Na wewe ambaye bado hujatoa hata malipo ya kwanza, agiza stesheni wagoni mwaka huu, maadamu zingali zinapatikana.