Je, Akiba ya Tanuri ni Uchoyo?



Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii tuliifundisha darasani kwa miaka mingi, na wanafunzi walioieleza vizuri tuliwapa alama zao. Lakini twakiri kwamba sisi wenyewe tulikuja kuielewa baada ya kustaafu, na aliyetufundisha ni mpwa wetu anayeishi na jamaa yake Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani.

Mabati ya nyumba yetu yalikuwa yamechakaa. Tukampigia simu mpwa wetu, tukamwomba dola 1,500. Akajibu kwa adabu, "Mjomba, fedha ninazo, lakini ni za tanuri." Tukamwuliza kama tanuri limeharibika. Akasema la, linawaka vizuri, ila limefikisha miaka 18. Jibu hilo lilitukera sana. Fedha zipo, chombo ni kizima, na bado mjomba anyimwe! Tukasema maneno mazito, hata tukamkumbusha ni nani aliyemlipia karo. Baada ya wiki moja fedha zikafika, nasi tukaezeka.

Majira ya baridi yaliyofuata, mwezi wa Januari, tanuri lile likafa. Akiba iliyobaki haikutosha, ikambidi mpwa wetu akope kwa riba. Kwa siku nne watoto wote walilala chumba kimoja, wakiota jiko dogo la umeme, na bomba moja la maji likapasuka. Yeye mwenyewe hakutuambia neno. Tulizipata habari hizi kwa mkewe, miezi mingi baadaye.

Basi swali letu la leo ni hili: mtu anayeweka fedha kwa ajili ya chombo ambacho hakijaharibika, hali ndugu yake ana haja leo, je, ni mchoyo?

Kabla ya kujibu, hatuna budi kukijua chombo chenyewe. Sisi tunaoishi karibu na pwani twadhani moto ndani ya nyumba ni wa kupikia tu. Kule Minnesota baridi ya Januari hushuka chini kabisa ya nyuzi sifuri. Tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji wa Tower, kipimo kilifika nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika baridi kama hiyo nyumba isiyo na moto haikaliki. Tena maji yakiganda hutanuka kwa kadiri ya asilimia 9, nayo bomba la chuma haliwezi kuyazuia. Kwa hiyo tanuri likizimika, mwenye nyumba hupata hasara mbili: ya tanuri na ya mabomba.

Tanuri lenyewe hukaa chini ya nyumba au katika chumba kidogo, na mara nyingi huwaka kwa gesi. Moto huwaka ndani ya vyumba vya chuma vilivyofungwa. Hewa ya nyumba hupita nje ya vyumba hivyo, hupata joto, kisha feni kubwa huisukuma vyumbani. Moshi hutoka nje kwa bomba lake. Maadamu chuma kile ni kizima, moshi na hewa ya kuvuta havikutani. Kikipasuka, hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi yaweza kuingia vyumbani, nayo haina harufu wala rangi. Ndiyo sababu fundi mwaminifu akiona ufa hulifunga tanuri palepale, hata kama nje ni baridi kali. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mpwa wetu.

Sasa tutazame gharama. Kichujio cha hewa hununuliwa kwa dola 10 hadi 30. Fundi wa kulikagua tanuri na kulisafisha mara moja kwa mwaka hutaka kama dola 100 hadi 200. Kiwashio kikifa, ni dola 150 hadi 400 pamoja na kazi. Mota ya feni ni dola 500 hadi 1,500. Kile chuma cha moto kikipasuka, kukibadili kwaweza kufika dola 3,000 na zaidi, na tanuri jipya pamoja na kulifunga ni kama dola 4,000 hadi 8,000. Fundi akiitwa usiku au siku ya mapumziko, bei hupanda. Na tanuri huishi kwa kawaida miaka 15 hadi 20, kisha huisha.

Hapo ndipo tulipoliona kosa letu. Tulidhani tanuri zima halidai kitu. Kumbe linadai kila mwezi, ila deni lake halijaletwa mlangoni. Tupige hesabu kama darasani: tanuri la dola 6,000 likiishi miaka 15, hula dola 400 kwa mwaka, yaani dola 33 na ushei kwa mwezi. Ukiongeza ukaguzi na matengenezo madogo, yafika kama dola 50 kwa mwezi. Fedha hizo si ziada, bali zimekwisha kutumika, ingawa bado zimo mfukoni.

Sisi tuliokaa katika shule za bweni twalijua jambo hili. Mwanzoni mwa mwaka sanduku la mhasibu lilijaa, na mgeni angeweza kusema kwamba shule ni tajiri. Lakini zile zilikuwa fedha za unga na maharage ya muhula wa mwisho. Mkuu wa shule ambaye angezigawa Januari kwa kuwahurumia wenye shida, angesifiwa kwa ukarimu wake, na Oktoba watoto wangelala njaa. Je, ule ungekuwa ukarimu? Twasema la, kwa kuwa angekuwa ametoa kilicho cha wengine.

Lakini tusiliache upande mmoja. Wako watu ambao kila wakiombwa wana tanuri. Leo ni tanuri, kesho ni gari, na ndugu hapati kitu mpaka anazikwa. Hao nao wanajificha nyuma ya busara. Twaona kwamba tofauti iko katika kipimo. Akiba ya haki ina kiasi kinachojulikana na kazi inayojulikana, na ikitimia, mkono hufunguka. Akiba ya uchoyo haina kiasi. Hata ikijaa haitoshi.

Kwa wasomaji wenye ndugu au watoto walionunua nyumba katika nchi za baridi, twaomba mwakumbushe haya. Kichujio kitazamwe kila mwezi, kwa maana kikijaa vumbi, tanuri hupata joto kupita kiasi na kuharibika mapema. Fundi aitwe kabla ya baridi, si katikati yake. Bei iandikwe kabla ya kazi kuanza. Akisema chuma kimepasuka, aombwe aonyeshe ufa wenyewe au picha yake, na fundi wa pili aitwe ikiwezekana. Lakini tanuri lisiwashwe tena mpaka jambo lijulikane. Kengele ya kutambua ile hewa ya sumu iwekwe karibu na vyumba vya kulala. Na kama tanuri ni kuukuu, na matengenezo yafika nusu ya bei ya jipya, mara nyingi ni afadhali kununua jipya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kule huuzwa ghali.

Lakini neno letu kubwa ni kwetu sisi tuombao. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anamshutumu mtu ambaye humwambia ndugu asiye na nguo aende akaote moto, wala asimpe kitu. Tulipoisoma tena sura hiyo tuliona haya. Mtu yule hakumpa ndugu yake kuni. Sisi tulikwenda tukazichukua alizokuwa nazo. Na ukweli ni kwamba mabati yetu yangeweza kungoja mwaka mmoja.

Tumekwisha kumwomba mpwa wetu radhi, na kila mavuno twamwekea fungu dogo, ingawa anakataa kulipokea. Siku hizi tukipiga simu twaanza kwa kumwuliza habari za watoto, kisha habari za nyumba, na tanuri limefikisha miaka mingapi. Haja yetu, kama ipo, huja baadaye, na mara nyingine tukisikia majibu yake twaiacha hapo hapo.