Akili Nyingi Huondoa Maarifa

Mvua zikikolea, mbuga ya Wembere hapa Igunga hugeuka tope tupu. Mwenye haraka hutazama ng'ambo, akaona ni karibu, akakata moja kwa moja. Mwenye kuijua mbuga humtafuta kwanza mchungaji wa ng'ombe, akamuuliza pa kukanyaga. Yule wa kwanza hakukosa akili, maana umbali aliupima sawasawa. Alikosa unyenyekevu wa kuuliza.

Hapo ndipo ninapoielewa methali hii. Wapo wanaoitumia kuwasuta wasomi, kana kwamba wahenga walichukia shule. Siafiki, na mkoa wetu wa Tabora, uliomsomesha Mwalimu Nyerere, hauna sababu ya kuafiki. Methali haikutaja elimu. Imetaja akili nyingi, ile inayojitosheleza na kujibu kabla ya kusikia. Na maarifa inayoyasema ni kujua namna ya kuishi na kile ulichokijua, jambo ambalo Mkristo huliita hekima itokayo kwa Mungu. Sulemani kule Gibeoni, aliporuhusiwa kuomba lolote, aliacha mali na maisha marefu, akaomba moyo wa kutenganisha jema na baya.

Mfano wa hekima hiyo ulipita karibu nasi. Oktoba 1873, Susi, Chuma na wenzao walifika Unyanyembe, jirani na Tabora ya leo, wakiwa wamebeba mwili wa bwana wao, mmisionari David Livingstone, aliyefia katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya sasa. Walimkuta Luteni Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, mtu wa vipimo na ramani. Akawashauri wamzike papo hapo, kwa kuwa njia ya pwani ilikuwa ya hatari. Ushauri wake haukuwa wa kipumbavu. Kwa hesabu za dunia, nani ahatarishe walio hai kwa ajili ya maiti? Wakakataa. Mbele ya safari wakaufunga mwili kama mtumba wa nguo ili upite bila kushukiwa, na Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo.

Ule mtumba ndio unaonifikirisha zaidi. Ilikuwa hila ya watu wenye akili sana. Lakini katika msafara wao akili ilikuwa mpagazi. Kirangozi, yule atanguliaye na kuonyesha njia, alikuwa uaminifu. Mpagazi anahitajika, tena awe na nguvu. Msafara hupotea siku anapokwenda mbele yeye. Nimewaona waumini wanaoweza kufafanua kila aya ya Maandiko, na bado hawajapatana na ndugu zao wa tumbo moja.

Wakati ule Susi alikuwa bado Mwislamu. Alibatizwa mwaka 1886, akaitwa Daudi. Kwa hiyo siwezi kusema hekima ile aliipata siku ya ubatizo. Naamini Mungu alikwisha kuanza naye zamani, katika njia ile ya kwenda pwani, chini ya mzigo ule.