Hija ya Mlango wa Nyuma

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, kila zikaribiapo siku za safari ya Makka huletwa darasani kwetu suali moja kwa sura mbali mbali. Mtu ana fedha za halali, ana afya, na moyo wake umeshikwa na shauku ya kuiona Al-Kaaba kabla ya kufa. Nafasi za Hija zimekwisha, au gharama yake imempita uwezo. Hapo hutokea dalali akamwambia: “Usihuzunike, mzee wangu. Mimi nitakutolea viza ya ziara kwa bei nafuu, na ukishashuka Jidda, jambo la kuingia Makka tuachie sisi.” Je, aishike njia hii? Na akihiji hivi, hija yake itasihi?

Jawabu yetu ni kuwa asiishike. Akiishika, naye akatimiza nguzo zote kama itakiwavyo, hija itasihi na faradhi itamwondokea, lakini dhambi itabaki shingoni mwake. Mfano wake ni mtu aliyesali katika ardhi aliyoinyang'anya: kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi sala yake imesihi, na hesabu ya unyang'anyi iko pale pale. Baraza la Maulamaa Wakuu wa Saudia nalo lilitangaza mwezi wa Aprili 2024 kuwa haijuzu kwenda Hija bila kibali, na kwamba afanyaye hivyo apata dhambi. Lakini hatupendi msomaji wetu aishie katika fatwa; twataka aijue sababu.

Viza watu wengi huidhania kuwa ni muhuri tu wa serikali, mfano wa ushuru wa kupitia langoni. Maulamaa wa fiqhi waliijua tangu zamani kwa jina jingine, nalo ni amani: ruhusa apewayo mgeni aingie katika nchi ya watu kwa sharti maalumu. Wakasema kuwa Mwislamu aliyeingia kwa amani hata katika nchi ya makafiri, ni haramu kwake kuwafanyia hiana wenyeji, kwani wao hawakumpa amani ila kwa kuwa naye amewaaminisha. Ikiwa hiana ni haramu huko, seuze katika nchi ya Haram mbili? Mwenye kuandika katika ombi lake kuwa aenda kuzuru, ilhali nia yake ni kuhiji, ametia saini uwongo kabla hajatia nia ya ihramu.

Na sharti lenyewe halikufichwa. Viza ya ziara yaweza kumfikisha mtu katika Umra, lakini haimpi ruhusa ya Hija. Mwaka 2025 serikali ya Saudia ilitangaza faini ya hadi riyali 20,000 kwa mwenye kuhiji au kujaribu kuhiji bila kibali, na kadhalika kwa mwenye viza ya ziara atakayeingia au kukaa Makka tangu mwezi mosi Dhul-Qaada mpaka mwezi 14 Dhul-Hijja. Aliyemwombea mwenzake viza hiyo, kisha mwenzake akahiji bila kibali, faini yake yaweza kufika riyali 100,000. Dalali hayasemi haya akiwa barazani na kikombe cha kahawa mkononi.

Wako wasemao: “Ile ni Nyumba ya Mwenyezi Mungu, si nyumba ya mfalme. Nani awezaye kumzuia mgeni wa Mola wake?” Maneno haya ni matamu masikioni, na mwenye kuyasema huenda akatoka machozi. Lakini tuyapime kwa kitendo cha Mtume (S.A.W.). Mwaka wa sita wa Hijra alitoka Madina na sahaba wapatao 1,400, wamevaa ihramu, wamewaswaga wanyama wa kuchinja. Walipofika Hudaybiyya, Makureshi wakawazuia. Nani aliyekuwa na haki zaidi ya kuingia Makka kuliko yeye? Na nani aliyekuwa na haki ndogo zaidi ya kumzuia kuliko wale waabudu masanamu? Hata hivyo hakutafuta mpenyo wa usiku baina ya majabali, wala hakumwambia sahaba yeyote ajigeuze mfanyabiashara apate kupita. Aliandikiana nao mkataba, akachinja, akanyoa, akarejea Madina, naye amebakiza mwendo mfupi tu kuifikia Kaaba.

Twamtazama pia Seyyidna Uthman bin Affan. Yeye alitumwa kuingia Makka kama mjumbe, na Makureshi wakamwambia kuwa yeye peke yake, akitaka, na atufu. Mlango uko wazi, Kaaba iko mbele ya macho yake, na jamaa zake wamemkaribisha. Akakataa kutufu mpaka atufu Mtume.

Huko Hudaybiyya siku hizi ni upande wa Shumaysi, katika njia itokayo Jidda. Na katika njia hiyo hiyo ya Jidda, penye kituo cha Shumaysi, ndipo magari yasimamishwapo leo na vibali vikatazamwa. Mtu aliyeipita Shumaysi kwa hila, amejificha nyuma ya gari, amepita karibu na mahali ambapo Mtume wake alikubali kurudishwa.

Tena tazameni hila yenyewe ilivyo. Ili askari wasimtambue, dalali humwambia abaki katika kanzu na kofia, au shati na suruali, mpaka wapite kituo. Mtu huyu ana hali mbili tu. Ama ameivuka miqati bila ya kuhirimia, na hapo yampasa kuchinja iwapo hakurejea miqatini; ama amehirimia moyoni naye yumo katika nguo za kushonwa bila ya udhuru, na hapo amefanya haramu na ana fidia juu yake. Basi hija imeanza kwa kuvunja miiko yake yenyewe. Na Mwenyezi Mungu ametukataza ndani ya Hija maneno machafu na ufasiki na ubishi, na uwongo ni katika ufasiki. Zama za Jahilia walikuwako watu ambao wakihirimia hawakuingia majumbani mwao kwa mlango, waliingia kwa nyuma, wakidhani kuwa ndio wema. Qurani iliwakanya katika Suratul-Baqara, aya ya 189, ikawaamrisha kuingia kwa milango.

Yafaa pia tujue kwa nini mlango umewekewa idadi. Bonde la Mina limezungukwa na majabali, wala halikui kwa kukua kwa umma. Mwaka 1990 watu 1,426 walikufa kwa msongamano ndani ya njia ya chini ya jabali karibu na Makka. Kabla ya hapo, mwaka 1988, mawaziri wa nchi za Kiislamu walikuwa wamekubaliana kuwa kila nchi itoe mahujaji elfu moja kwa kila Waislamu milioni moja. Hatusemi kuwa kila sharti lililowekwa tangu hapo ni la hekima, wala kuwa bei za leo haziwaumizi maskini. Zawaumiza, na wenye mamlaka wataulizwa. Lakini idadi yenyewe ni ngao ya roho za watu.

Aliyedhani kuwa haya ni maneno ya kutisha tu, na akumbuke Hija ya mwaka 2024. Joto katika Msikiti Mtukufu lilifika digrii 51.8. Waziri wa Afya wa Saudia alitangaza kuwa waliokufa ni 1,301, na kwamba 83 katika kila mia walikuwa hawana kibali. Sababu haina siri. Mwenye kibali ana hema lenye ubaridi, ana basi, ana jina lake katika daftari. Asiye na kibali hana hema Mina wala Arafa. Huenda kwa miguu juani mwendo mrefu, na akianguka hajulikani ni wa kundi gani. Misri, ambayo watu wake wengi walikuwa katika wafu hao, ilizifutia leseni kampuni 16 za safari na kuwapeleka wakuu wao kwa mwendesha mashtaka. Leseni zilifutwa, lakini akina mama na wazee wale walikwisha zikwa.

Na huyu mzee wetu anaharakishwa na nini? Hija ni faradhi kwa mwenye kuiweza njia, na katika sharti za uwezo maulamaa wetu wa Kishafi wametaja chakula, kipando, na amani ya njia. Njia ya leo haina amani bila ya kibali. Basi aliyekosa kibali hajawa mwenye kuweza mwaka huo, na kwa Imamu Shafi faradhi hii ina wasaa: Mtume (S.A.W.) mwenyewe hakuhiji ila mwaka wa kumi. Mwaka 2020 na mwaka 2021, kwa ajili ya maradhi ya korona, hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kwenda Hija kutoka nje ya Saudia. Je, umma wote uliandikiwa dhambi? Na aliye mzee au mgonjwa asiyetarajia nguvu tena, sharia imempa ruhusa ya kumtuma mtu amhijie.

Tutasema wazi, ingawa wengine watachukia. Mara nyingi kinachoharakisha ni sisi majirani. Tumeifanya safari ya Hija kuwa arusi: karamu ya kuaga, magari ya kusindikiza uwanja wa ndege, na jina la “Alhaji” ambalo mtu akiitwa bila hilo hununa. Mzee ameagwa na mtaa mzima, amepikiwa pilau. Dalali akija wiki ya mwisho na kumwambia kuwa viza ya Hija imekosekana ila iko ya ziara, atarudi vipi kwa watu? Lau tungalimwacha aondoke kimya, angaliweza kurudi kimya.

Jambo la chanjo twalitia katika hukumu hiyo hiyo. Kila mwenye kwenda Hija au Umra hutakiwa awe amechanjwa homa ya uti wa mgongo si chini ya siku kumi kabla ya kufika, na atokaye Kenya hutakiwa pia cheti cha homa ya manjano. Sharti hizi zimezaliwa na misiba: homa ya uti wa mgongo ilizuka katika Hija ya mwaka 1987, ikazuka tena mwaka 2000 na 2001, na mahujaji wakaipeleka makwao kwa watoto wao. Kwa hiyo anayenunua cheti bila ya kuchomwa sindano, ati aogopa homa ya siku moja, amenunua ruhusa ya kumdhuru anayesujudu ubavuni pake.

Tumalizie kwa wale waendao Umra kwa viza sahihi, kisha wakajificha Makka ili wangojee Hija, wakasema kuwa kuingia waliingia kwa halali. Mwaka wa saba, Mtume (S.A.W.) alirejea Makka kwa mkataba wa Hudaybiyya. Ruhusa yake ilikuwa siku tatu. Alikuwa na watu kiasi cha elfu mbili, na silaha zao hazikuwa mbali. Katika safari hiyo alimposa Bibi Maymuna, na siku ya tatu ilipopita Makureshi walimwendea kumkumbusha kuwa muda umekwisha. Aliwaomba wamwache afanye arusi yake kwao na awapikie karamu, wakakataa. Basi akaamrisha watu waondoke. Bibi Maymuna aliletwa nyuma yake, na arusi ikafanywa Sarif, nje ya Makka, katika njia ya Madina.

Wallahu aalam.