Bastola na Bunduki za Risasi Moja: Je, Muislamu Ajiwekee Silaha ya Siku ya Dhiki?



Rafiki yangu mmoja wa hosteli ana mazoea ya kutazama video za Wamarekani wanaojiandaa kwa siku ya maangamizi. Mada waipendayo sana ni hii: ukilazimika kukimbilia msituni, uchukue bastola gani na bunduki gani? Jibu lao ni kwamba zote mbili zitumie risasi ya aina moja, ili usibebe akiba mbili, na moja ikiharibika nyingine iendelee na risasi zile zile. Wazo lenyewe ni la zamani. Karne ya 19 wachunga ng'ombe wa huko walikuwa na bunduki ya Winchester ya mwaka 1873 na bastola ya Colt, zote zikila risasi ya .44-40. Siku hizi zipo bunduki fupi zinazopokea hata magazini ya bastola ya Glock. Kihesabu sina la kuwapinga.

Baada ya Kwibuka mwaka huu aliniuliza kwa uzito: "Ingerudi Aprili 1994, wewe ungetaka uwe na nini mkononi? Msahafu, au hivyo viwili vya risasi moja?" Nikamjibu upesi kwamba hilo si swali la Muislamu, Muislamu humtegemea Allah. Alininyamazia. Ukoo wa baba yake unatoka milima ya Karongi, na waliobaki wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nilikwenda kulala nikijua nimetoa jibu bovu, na makala hii ni jaribio la kutoa jingine.

Kwanza, jibu langu lilikuwa bovu hata kwa elimu yenyewe. Tawakkul haijawahi kuwa kukaa mikono mitupu. Mtume (s.a.w.) alivaa deraya mbili, moja juu ya nyingine, siku ya Uhud. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia usiku ambao Mtume alikosa usingizi pale Madina akatamani mtu mwema wa kumlinda, mara ikasikika sauti ya silaha nje, naye alikuwa Saad bin Abi Waqqas amekuja kulinda, ndipo Mtume akalala. Tena hadithi mashuhuri inampa daraja la shahidi mwenye kuuawa akitetea nafsi yake, ahli zake, hata mali yake. Anayesema dini yetu haijui kujihami hajaisoma.

Na tukiangalia historia yetu, rafiki yangu ana hoja kali zaidi ya alivyoisema mwenyewe. Bisesero, huko kwao Karongi, maelfu ya Watutsi walipanda milimani wakapigana kwa mawe, mikuki na marungu. Kiongozi wao, mzee Aminadabu Birara, aliwafundisha walale chini mpaka washambuliaji wakaribie, kisha wainuke kwa pamoja na kujichanganya nao, ili wenye bunduki washindwe kupiga bila kuwapiga wenzao. Mbinu ile iliwaweka hai kwa wiki kadhaa. Halafu tarehe 13 na 14 Mei 1994 yakaja magari yamejaa wanajeshi na Interahamwe kutoka mikoa mingine, wakiwa na bunduki na magruneti, na ndani ya siku mbili hizo wakafa watu wasiohesabika. Wanajeshi wa Ufaransa waliwakuta mabaki yao tarehe 27 Juni, wakaondoka, wakarudi tarehe 30. Katika siku tatu zile wengi waliojitokeza mafichoni wakauawa. Walionusurika walikuwa kama elfu moja. Nenda ukamwambie mtu wa ukoo ule kwamba bunduki haina faida. Mimi siwezi. Tena mauaji ya kimbari yale hayakusimamishwa na makala wala mihadhara. Yalisimamishwa na jeshi lenye bunduki, Julai 1994.

Basi silaha inaweza kuwa rehema. Lakini ziko bunduki nyingine za mwaka ule ambazo rafiki yangu hakuzitaja.

Waliosoma IPRC Kigali, Kicukiro, wanajua kwamba kabla ya 1994 pale palikuwa ETO. Zaidi ya watu elfu mbili walikimbilia ndani kwa sababu moja tu: palikuwa na askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ubelgiji, na askari wale walikuwa na silaha nzuri, za kutosha, bila shaka risasi zikilingana barabara. Tarehe 11 Aprili waliamriwa kuondoka, wakaondoka na bunduki zao. Wauaji walikuwa wanangoja nje. Wengi wa waliobaki waliswagwa kama mifugo hadi Nyanza ya Kicukiro wakauawa huko. Palikosekana amana, chuma kilikuwepo.

Na upande wa pili ni mbaya zaidi. Serikali ya wauaji iligawa silaha kwa raia chini ya mpango ulioitwa "ulinzi wa raia wenyewe". Tafakari jina hilo. Wale waliosimama kwenye bariyeri pale Gitega na Nyamirambo hawakujiita wauaji. Waliambiwa wanajihami, na wengi waliamini, au walitaka kuamini. Neno lile lile ninaloliona kwenye video za rafiki yangu, kujihami, ndilo lililosambaza bunduki na kunoa mapanga. Wala tusijitie usafi kwa kuwa ni Waislamu. Ni kweli kwamba Waislamu wengi wa nchi hii waliwaficha watu majumbani na misikitini, na tuna haki ya kulitaja hilo kwa shukrani. Lakini Hassan Ngeze, mhariri wa Kangura, alikuwa Muislamu. Mahakama ya Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2003, kikapunguzwa kuwa miaka 35 mwaka 2007. Gazeti lake liliwafundisha watu kwanza kwamba jirani ni hatari, mengine yakafuata.

Hapo ndipo naona swali la "bastola ipi na bunduki ipi" limeruka swali lililo mbele yake. Wamarekani wale wanapolijadili, aliyeko mbele ya mtutu ni dubu, au mgeni asiye na jina. Kwetu sisi dhiki ilikuwa na sura na jina. Alikuwa mtu uliyemwazima jembe.

Mafaqihi wetu walilijua hilo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu huku Afrika Mashariki tumelelewa nayo, kuna mlango mzima unaoitwa siyal, yaani hukumu za kumzuia mshambuliaji. Imam Nawawi ameufupisha katika Minhaj, na niliposoma ukurasa ule darasani mwaka jana niliona ni fiqhi kavu tu. Sasa nauona vingine. Anasema mshambuliaji huzuiwa kwa lililo jepesi zaidi linalotosha: maneno yakitosha, mkono ni haramu, mkono ukitosha, mjeledi ni haramu, mjeledi ukitosha, fimbo ni haramu, na vivyo hivyo mpaka juu. Ukiweza kuokoka kwa kukimbia, basi kauli yenye nguvu ni kwamba kukimbia ni wajibu na kupigana ni haramu. Na mshambuliaji akiwa Muislamu, kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba si wajibu kumpinga hata kwa ajili ya roho yako, unaruhusiwa kujisalimisha. Mbele ya wanafunzi wa leo hukumu hiyo huleta minong'ono, lakini ina mizizi. Sayyidna Uthman (r.a.) alipozingirwa nyumbani kwake Madina mwaka 35 Hijria, masahaba na watoto wa masahaba walikuja na panga zao kumtetea, naye akawakataza kumwaga damu kwa ajili yake, akauawa. Na ziko hadithi zinazotuamrisha, wakati wa fitna, kuvunja pinde na kuzipiga panga kwenye mawe, na kuwa kama yule mbora katika watoto wawili wa Adam.

Nikamsomea rafiki yangu haya. Akasema: "Uthman alijitoa nafsi yake. Babu yangu alikuwa na watoto nyuma yake." Na hapo amegusa penyewe. Ruhusa ya kujisalimisha ni ya roho yako, huwezi kuitumia kuisalimisha roho ya mwingine. Ndiyo maana simuoni Habil na watu wa Bisesero kuwa wanapingana. Habil alikuwa peke yake.

Basi je, tununue? Sheria ya Rwanda haimruhusu raia kumiliki bunduki bila kibali, na sisi tumefungwa na ahadi ya kuishi kwa sheria ya nchi. Lakini sitaki kujificha nyuma ya sheria, kwa sababu rafiki yangu atauliza, kwa haki kabisa, je sheria yenyewe ikigeuka kuwa muuaji kama 1994? Sababu yangu ni nyingine. Bunduki iliyofichwa chini ya kitanda kwa ajili ya siku isiyojulikana haikai bure. Inamfanya mwenye nyumba amtazame jirani kila siku kama adui anayechelewa kufika. Tena inafuta ngazi zote za Nawawi ikakuacha na ya mwisho tu. Mtume (s.a.w.) alimtaka hata mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu kwa bahati mbaya. Mpokezi wa hadithi hiyo ni Abu Musa al-Ash'ari, yule yule aliyepokea ya kuvunja pinde. Mshale una nafasi yake sokoni, ila ncha iwe mkononi mwako.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Biryogo mwaka ule, akaficha watu watatu nyuma ya magunia ya mkaa. Nilimpelekea swali hili Ijumaa moja baada ya swala. Nilitarajia aniambie alikuwa na dua tu. Akasema, "Mjukuu wangu, walikuja mara nne. Mara ya kwanza niliwadanganya. Ya pili niliwapa chai na mandazi. Ya tatu niliwapa pesa za marehemu babu yako. Ya nne nilikaa mlangoni nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka." Nikamuuliza, na ingekuja ya tano? "Panga la kukatia kuni lilikuwa chini ya mkeka. Nilikuwa nimeshanuia." Hajawahi kuisikia Minhaj, na alikuwa amezipanda ngazi zake zote kwa mpangilio.

Rafiki yangu ameisoma rasimu ya makala hii na bado hajakubaliana nami. Anasema bibi yangu alibahatika. Hilo siwezi kulikataa. Nyumba ya tatu kutoka kwake nao walidanganya, nao walitoa pesa, na hakuna aliyebaki wa kuulizwa.