Jumanne: Saa Moja

Soma Marko 12:41–44. Yesu alipima sadaka ya mjane kwa kipimo gani?

Novemba 2019, mjini Geneva, saa ya mkononi iliyotolewa na kampuni ya Patek Philippe iliuzwa katika mnada wa hisani kwa faranga za Uswisi milioni 31. Fedha zilikusudiwa kugharimia utafiti wa ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli ya watoto, hasa wavulana. Tusiudharau msaada huo. Watoto hao ni wa Mungu.

Lakini mnunuzi aliondoka na saa. Mjane aliondoka mikono mitupu. Yesu huangalia pia kilichobaki kwa mtoaji.

Wengi wetu hatuna saa ya kupiga mnada. Tunayo saa moja ya kuketi na mgonjwa.

Je, juma hili utampa nani saa hiyo, na itakugharimu nini?